Nguzo ya Arobaini na Moja

Baiskeli ya Yeferson ilining'inia ukutani miaka sita
juu ya magunia ya viazi,
tairi zimenywea kama mashavu ya bibi aliyevua meno.
Mwenyewe yuko Valparaíso, anapaka meli rangi.
Aliondoka na koti, akaacha pampu.

Daktari Zoraida alinifunga ule mkanda mkononi,
ukanikaba, ukashusha pumzi,
akaandika namba mbili asizozipenda.
"Tembea," akasema.
Nikamwambia mimi ni mpishi wa shule,
natembea kutwa kati ya sufuria na sinki,
na namba ndizo hizo.

Basi Jumapili nikaishusha.
Nikavaa suruali ya marehemu mume wangu,
nikaifunga kifundoni kwa uzi wa katani,
nikatoka Sogamoso haijafungua madirisha.

Nguzo ya kwanza ya umeme, sawa.
Ya pili, sawa.
Ya tatu nikashuka, nikajifanya natazama mnyororo,
maana Don Eliécer alikuwa anakamua
na ng'ombe wake wote wawili wananikodolea macho.
Hewa ya huku juu ni haba, tunagawana na milima;
siku ile milima ilichukua na fungu langu.
Nilirudi nikiikokota.
Jioni sikuweza kushuka ngazi ila kinyumenyume.

Sikuwa na saa ya kunipimia mapigo.
Nilikuwa na nguzo.
Wiki ile tatu. Iliyofuata nne,
na hiyo ya nne ilikuwa ya uongo, niliigusa kwa mkono tu.
Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pangu ni goti la kushoto:
nililipaka mafuta ya mkaratusi, nikalisemesha,
nikaliahidi Jumatatu ya kupumzika, nikatimiza.

Penye nguzo ya tisa, kwenye tanuri za matofali,
kuna mbwa aliyegeuka mwekundu kwa vumbi,
anachukia chochote kinachozunguka.
Huyo ndiye aliyenifundisha gia.

Kisha Aprili, na mvua yake isiyoomba radhi.
Kumi na nne zikawa kumi na moja, zikawa saba,
zikawa mimi jikoni namenya viazi
huku maji yakidondoka uani juu ya tandiko,
nikaona haya, kama niliyemwacha mgeni mlangoni.

Mei nikaanza upya nikidhani nitaanzia sifuri.
Sivyo. Mapaja yalikuwa yameweka akiba kimyakimya,
kama mama anayefunga sarafu kwenye pindo
asimwambie mtu.
Nilipita tanuri, nikampita mbwa, nikapita kumi na nne,
nikagundua njiani kwamba ninawaza mambo mengine:
bei ya vitunguu, na kama nilizima gesi.

Vijana hunipita wamebana nguo za rangi ya kasuku,
miguu imenyolewa, inang'aa.
"Kaza, jirani!" wanapiga kelele, nusu mzaha, nusu salamu.
Mmoja, bila kupunguza mwendo,
aliniwekea kiganja mgongoni
akanisukuma nguzo mbili nzima.
Hizo sikuzihesabu.

Septemba nikafika penye sanamu ya Bikira,
mwisho wa lami, mwisho wa waya.
Nguzo ya arobaini na moja imeinama kidogo,
nikaiegemea, tukainama wote.
Nilidhani nitalia. Nikasikia njaa.
Nikala mkate wa mahindi uliopondeka mfukoni,
nikanywa maji ya sukari guru yaliyopoa,
bonde lote chini yangu, na moshi wa kiwanda cha saruji
mwembamba, kama wa sigara ya mtu mwingine.
Hakuna aliyeniambia kwamba kushuka ndiko kunatisha.
Nilibana breki hadi vidole vikafa ganzi.

"Unaendesha umbali gani?" Daktari Zoraida akauliza.
"Nguzo arobaini na moja."
Alitafuta kwenye fomu pa kuiandika, hakupaona,
akaiandika pembeni.
Namba moja ameanza kuipenda. Ile nyingine, bado.

Na Yeferson alipopiga simu usiku,
nyuma yake honi za bandarini,
akauliza kama ile baiskeli yake ingali ukutani,
kuna mtu angeinunua.
Nikatazama ule msumari.
"Hapana," nikasema. "Na pampu inavuja. Nitumie nyingine."